Jifunze Excel kwa Mikono: Jenga Hesabu za Kikoba Kutoka Karatasi Tupu

Wapo watu wengi wenye cheti cha kozi ya Excel ambao mwisho wa mwezi bado wanajumlisha kwa kikokotoo cha simu. Akili wanazo. Shida ni kwamba walifundishwa kwa kutazama: mwalimu anabofya, mwanafunzi anaitikia kwa kichwa, kila mtu anaelewa, kisha wanakwenda nyumbani. Lahajedwali, yaani programu ya majedwali ya hesabu kama Excel, haiingii kwa njia hiyo. Inaingia kwa vidole, kwa kuandika fomula, kuona jibu lisilotarajiwa, na kutafuta limetoka wapi.

Kwa hiyo humu hakuna orodha ya fomula za kukariri. Tutafanya kazi moja tu, mwanzo hadi mwisho: kujenga hesabu za kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kuanzia siku ya kununua hisa hadi siku ya kuvunja na kugawana fedha. Nimechagua kikoba kwa makusudi. Hesabu zake ni ndogo kiasi cha kuhakikiwa kwa kichwa, lakini ni pesa za watu, na hisa, mkopo na marejesho ni mambo unayoyajua tayari. Vikundi vya namna hii, ambavyo wanachama wake hununua hisa 1 hadi 5 kwa kila kikao, vimetokana na vikundi vya akina mama vya Niger vilivyoanzishwa na shirika la CARE mwaka 1991, na leo vimeenea Afrika Mashariki. Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya kijamii vya fedha katika daraja la nne, na vinatakiwa kusajiliwa. Kumbukumbu safi ni jambo ambalo kikundi hakiwezi kulikwepa.

Namna ya kufanya mazoezi

Kila hatua utaifanya kwa mpangilio huu: kisia, bonyeza, haribu, rekebisha. Kabla ya kubonyeza Enter, andika kwenye karatasi jibu unalotarajia. Bonyeza. Likiwa tofauti, usisonge mbele hadi ujue kwa nini. Likiwa sawa, haribu kitu kwa makusudi uone kitatokea nini, kisha rudisha kwa Ctrl na Z.

Hapo pa kukisia ndipo watu wanaporuka, na ndipo somo lilipo. Asiyekisia hukubali kila namba inayotokea kwenye skrini, maana imeandikwa vizuri na kompyuta imeisema.

Hatua ya 1: Chombo

Google Sheets ni bure na inafanya kazi kwenye simu na kompyuta. LibreOffice Calc ni bure kabisa, na ukishaiweka kwenye kompyuta haihitaji bando. Excel ndiyo utakayoikuta maofisini. Fomula zote za humu zinafanya kazi kwenye zote tatu, ila kwenye LibreOffice baada ya jina la karatasi unaweka nukta mahali pa alama ya !, hivyo usipoteze wiki nzima ukichagua.

Simu inatosha kuingiza taarifa kikaoni, lakini kujifunzia inachosha: huoni jedwali lote, na kuandika fomula kwa kidole gumba ni kazi. Tafuta kompyuta, hata ya kuazima kwa saa moja.

Ukiwa Lubumbashi au Bujumbura na Excel yako iko kwa Kifaransa, SUM huandikwa SOMME, IF huandikwa SI, SUMIFS huandikwa SOMME.SI.ENS, EDATE huandikwa MOIS.DECALER, TODAY huandikwa AUJOURDHUI, ROUNDDOWN huandikwa ARRONDI.INF, na mahali pa mkato katikati ya fomula unaweka nukta mkato. Mpangilio wa fomula ni uleule.

Maneno matatu ya kukubaliana: *safu* ni ile inayosimama, yenye herufi A, B, C, *mstari* ni ule unaolala, wenye namba 1, 2, 3, *seli* ni chumba kimoja zinapokutana. C4 maana yake safu C, mstari wa 4.

Hatua ya 2: Ingiza taarifa, tukio moja mstari mmoja

Fungua faili jipya. Karatasi ya kwanza, ile inayoonekana kwa jina chini kabisa ya skrini, iite Hisa. Kwenye mstari wa 1 andika vichwa: Tarehe, Jina, Hisa, Kiasi. Kisha jaza safu tatu za kwanza, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 9:

05/01/2025, Asha, 3
05/01/2025, Juma, 2
05/01/2025, Neema, 5
05/01/2025, Zuhura, 1
12/01/2025, Asha, 2
12/01/2025, Juma, 4
12/01/2025, Neema, 5
12/01/2025, Zuhura, 3

Mkono wako utataka kufanya kama daftari la kawaida: majina pembeni, tarehe za vikao juu, na hisa katikati. Uzuie. Mpangilio ule unapendeza machoni, lakini kila kikao kinadai safu mpya, na kila safu mpya inakulazimisha kugusa fomula. Orodha ndefu inayokua kwenda chini haigusi fomula yoyote. Kati ya yote yaliyomo humu, hili ndilo ningekuomba ulishike hata ukisahau mengine: taarifa zikae kwa orodha, muhtasari ujengwe kando.

Sasa zoezi la tarehe. Chagua seli A2, ibadilishe muundo wake kutoka tarehe kuwa namba ya kawaida. Unatarajia nini? Itatokea 45662. Lahajedwali huhesabu siku kuanzia mwanzo wa mwaka 1900, na tarehe unayoiona ni vazi tu juu ya hesabu hiyo. Kama wewe umepata 45778, kompyuta yako imepangwa Kimarekani, mwezi kabla ya siku, na imeelewa kuwa uliandika Mei 1. Jaribu kuandika 13/01/2025 kwenye mashine ya namna hiyo: itasogea kushoto mwa seli na kubaki maneno matupu, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Kwenye Google Sheets fungua File, kisha Settings, na kwenye Locale chagua United Kingdom. Kwenye kompyuta ya Windows, badilisha mpangilio wa eneo. Kisha ziandike tarehe upya, maana zilizokwisha kueleweka vibaya hazijirekebishi zenyewe.

Hatua ya 3: Fomula ya kwanza, na alama ya dola

Kwenye D2 andika =C2*5000. Hisa 3 za shilingi 5,000, kwa hiyo kisia 15,000. Sawa.

Lakini kikundi kikipandisha bei ya hisa mwakani utabadilisha fomula ngapi? Weka bei mahali pamoja. Kwenye G1 andika 5000, na D2 ifanye =C2*G1. Jibu ni lilelile. Sasa shika ile kona ndogo ya chini kulia ya D2, uiburute hadi D9. Kabla hujaachia, kisia D3 itaonyesha nini. Juma ana hisa 2.

Itaonyesha 0. Bofya D3 mara mbili uisome: =C3*G2. Uliposhuka mstari mmoja, fomula nayo ilishuka mstari mmoja kila mahali, na G2 haina kitu. Kwa C ulitaka ishuke. Kwa G ulitaka isimame. Rudi D2, weka kielekezi juu ya G1 ndani ya fomula, bonyeza kitufe cha F4. Itakuwa $G$1. Buruta tena. Juma sasa ana 10,000.

Kaa hapa. Usiondoke hadi uweze kusema, kabla ya kuburuta, fomula ya mstari wa saba itasomekaje. Andika fomula nyingine za kubuni, zenye dola na zisizo na dola, uburute chini, uburute kulia, ukisia kila mara. Jaribu $G1, kisha G$1: dola inashika kile kilicho mbele yake tu. Makosa mengi ninayoyaona kwenye faili za watu yana mzizi hapa, na hakuna maelezo yanayoweza kushinda nusu saa ya kuburuta.

Ukimaliza, tengeneza karatasi ya pili, iite Masharti. Rudi Hisa, *kata* G1 kwa Ctrl na X, ubandike kwenye B1 ya Masharti. Tazama D2: imekuwa =C2*Masharti!$B$1. Ukikata, fomula humfuata aliyehama. Ukinakili, haziendi popote. Kwenye A1 ya Masharti andika "Bei ya hisa" ili mwenzako asikute namba isiyo na jina.

Hatua ya 4: Namba ambayo si namba

Tumezoea kuandika 25,000/= au Tsh 25,000. Jaribu. Tengeneza karatasi ya tatu, Muhtasari, na kwenye F4 andika =SUM(Hisa!D:D). Jumla ni 125,000. Hakikisha kwa kichwa: hisa 25 mara 5,000.

Sasa nenda Hisa, mstari wa 4, wa Neema. Futa fomula ya D4 na uandike kwa mkono 25,000/=. Rudi Muhtasari. Jumla imeshuka hadi 100,000, na hakuna onyo lolote lililotokea. SUM hupita juu ya maneno kimyakimya. Kwenye kikao cha kweli, hiyo ni elfu ishirini na tano ya mtu iliyopotea mbele ya macho ya wote. Dalili yake ni ndogo: namba hukaa kulia mwa seli, maneno hukaa kushoto, isipokuwa mtu amebadilisha mpangilio wa seli. Rudisha fomula. Ukitaka alama ya shilingi au mkato wa elfu, iongeze kupitia muundo wa namba, kamwe usiiandike kwa mkono.

Ndugu yake ni namba ya simu. Andika 0712 na tarakimu sita za kubuni. Sifuri ya mwanzo itatoweka. Ya hatari zaidi ni namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, yenye tarakimu 20. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, kwa hiyo tano za mwisho zitageuka kuwa sifuri, na ukishahifadhi faili hazirudi. Safu za namba kama hizi zipe muundo wa maandishi, yaani Text, *kabla* ya kuandika chochote.

Hatua ya 5: Jumla ya kila mwanachama, na seli ya ukaguzi

Kwenye Muhtasari andika vichwa vya mstari wa 1: Jina, Akiba, Hisa. Majina manne yaende A2 hadi A5. Kwenye B2:

=SUMIFS(Hisa!D:D,Hisa!B:B,A2)

Isome kwa sauti: jumlisha safu D ya Hisa, pale ambapo safu B ni sawa na jina lililo A2. Kisia: Asha 25,000. Buruta chini: Juma 30,000, Neema 50,000, Zuhura 20,000. Kwenye C2 fanya hivyohivyo, ila ujumlishe Hisa!C:C ili upate idadi ya hisa.

Kwenye B7 weka seli ya ukaguzi: =SUM(Hisa!D:D)-SUM(B2:B5). Lazima iwe 0.

Sasa haribu. Nenda Hisa B6, na baada ya jina Asha ongeza nafasi moja tupu. Huioni kwa macho. Akiba ya Asha imeshuka hadi 15,000, na seli ya ukaguzi inasema 10,000. Kwa mashine, Asha mwenye nafasi mwishoni ni mtu mwingine. Jaribu pia kuandika asha kwa herufi ndogo, kisia kwanza. Hakuna kitakachobadilika, herufi kubwa na ndogo haizitofautishi hapa.

Seli ya ukaguzi ndiyo inayotenganisha faili la kuaminika na faili linalopendeza. Kila ninapoombwa kuangalia hesabu za kikundi, ninaitafuta kwanza.

Dawa ya majina yaliyokosewa ni orodha ya kuchagulia. Chagua safu B ya Hisa kuanzia B2, fungua menyu ya Data, kisha Data Validation, na uelekeze orodha kwenye majina ya Muhtasari. Kwa safu C ruhusu namba nzima kuanzia 1 hadi 5 tu. Jaribu kuingiza 6. Jaribu 2.5. Halafu nakili 6 kutoka kwingine uibandike: kwenye Excel inapita, kwa sababu kubandika kunafuta ulinzi huo. Mweke wazi anayekusaidia kuingiza taarifa kwamba hapa watu wanaandika, hawabandiki.

Hatua ya 6: Mikopo

Kwenye Masharti, A2 andika "Ada kwa mwezi", B2 andika 5%. Tengeneza karatasi ya Mikopo yenye vichwa: Namba, Tarehe, Jina, Kiasi, Miezi, Mwisho, Deni, Amelipa, Baki, Hali. Tengeneza na ya Marejesho: Tarehe, Namba ya mkopo, Kiasi.

Kwa nini namba ya mkopo, na jina lipo? Kwa sababu Juma atakopa tena. Ukifuatilia marejesho kwa jina, malipo ya mkopo wa kwanza yatapunguza na deni la pili.

Mkopo wa kwanza: M001, 19/01/2025, Juma, 60000, 3. Vikundi vingi huruhusu hadi mara tatu ya akiba. Juma ana 30,000, kwa hiyo yumo ndani. Kisha fomula:

F2: =EDATE(B2,E2)
G2: =D2*(1+Masharti!$B$2*E2)
H2: =SUMIFS(Marejesho!C:C,Marejesho!B:B,A2)
I2: =G2-H2
J2: =IF(I2<=0,"Amemaliza",IF(TODAY()>F2,"Amechelewa","Anaendelea"))

F2 ikionyesha namba kama 45766, ipe muundo wa tarehe: ni 19/04/2025. Badilisha kwa muda tarehe ya mkopo iwe 31/01/2025 na mwezi mmoja, uone EDATE inavyotua 28/02 bila kulalamika. Deni la Juma ni 69,000.

Kwenye Marejesho ingiza M001 mara mbili, 23000 kila mara. Baki ni 23,000 na hali ni "Amechelewa", kwa kuwa Aprili 2025 imeshapita. Sasa buruta J2 hadi J3, kwenye mstari ambao hauna mkopo wowote. Utasoma "Amemaliza". Mtu ambaye hayupo amemaliza deni ambalo halipo, maana kitu tupu ni sifuri, na sifuri inatimiza sharti la kwanza. Ifunge fomula kwa sharti la nje: =IF(A2="","", halafu fomula yako yote ya IF ya mwanzo bila alama ya = , kisha mabano ya kufunga. Hesabu mabano, yanayofunguka yawe sawa na yanayofungwa.

Hatua ya 7: Sanduku na kuvunja kikoba

Rudi Muhtasari. Ongeza rejesho la mwisho la M001, 23000, kwenye karatasi ya Marejesho, kisha kwenye F1 ya Muhtasari andika:

=SUM(Hisa!D:D)-SUM(Mikopo!D:D)+SUM(Marejesho!C:C)

Hizi ndizo fedha zinazopaswa kuwa sandukuni: 125,000 toa 60,000 jumlisha 69,000, yaani 134,000. Kila kikao, namba hii ilinganishwe na noti zilizohesabiwa mbele ya wanachama. Zikitofautiana, tafuta siku hiyohiyo.

F2: =F1/SUM(Hisa!C:C) ni thamani ya hisa moja, 5,360. Kwenye D2 andika =C2*$F$2 na uburute. Asha 26,800, Juma 32,160, Neema 53,600, Zuhura 21,440.

Nani ana shilingi 60 za kumpa Juma? Vikundi hushusha hadi mia: =ROUNDDOWN(C2*$F$2,-2). Kisia jumla mpya kabla ya kujumlisha. Ni 133,900, na shilingi 100 inabaki kwenye mfuko wa jamii. Usifanye hivi kwa kupunguza desimali kwenye muundo wa seli. Kule kunabadilisha kinachoonekana tu, namba ya ndani inabaki ileile, na jumla yako haitalingana na pesa ulizogawa mkononi.

Makosa ya kuyazalisha kwa makusudi

Tumia nakala ya faili. Futa karatasi ya Masharti upate #REF!: fomula imeelekezwa kisichokuwepo tena. Andika =SAM(C2:C9) upate #NAME?. Gawa kwa seli tupu upate #DIV/0!. Zidisha hisa kwa jina upate #VALUE!. Finya safu ya D hadi itokee #####, ambayo si kosa la hesabu, ni nafasi tu haitoshi. Mtu aliyeyasababisha haya mwenyewe hayamtishi yanapomjia kikaoni.

Mazoezi ya kurudia

Siku inayofuata funga kila kitu, fungua faili tupu, ujenge yote upya bila kutazama humu. Utakwama, mahali utakapokwama ndipo pa kurudi kusoma, na hapo tu. Rudia baada ya siku kadhaa kwa biashara nyingine unayoijua: duka la rejareja, bodaboda ya mkataba, kuku wa mayai. Mifupa ni ileile, orodha ya matukio, masharti mahali pamoja, muhtasari kando, seli ya ukaguzi.

Zoezi zuri kuliko yote linahitaji watu wawili. Mpe mwenzako nakala ya faili aondoke nalo afiche makosa matatu: nafasi tupu kwenye jina, dola iliyoondolewa, namba iliyoandikwa juu ya fomula. Wewe uyatafute. Anza na seli ya ukaguzi, kisha sanduku, kisha bonyeza Ctrl pamoja na kitufe kilicho juu ya Tab ili fomula zote zionekane badala ya majibu. Kwenye LibreOffice na kibodi nyingi za Kiingereza ni hivyohivyo. Namba iliyokaa peke yake katikati ya fomula utaiona mara moja. Halafu mbadilishane.

Mkishaweza hilo, jifunzeni pivoti. Itawachukua jioni moja, kwa sababu inataka taarifa zilizokaa kwa orodha, na zenu tayari zimekaa hivyo: chagua Hisa yote, Insert, Pivot Table, majina kwenye mistari, tarehe kwenye safu, kiasi kwenye thamani. Lile jedwali la daftari la kawaida nililokukataza kuliandika kwa mkono mwanzoni, hapo linajitengeneza lenyewe.

Na faili la kikundi likianza kutumika kweli, lisizunguke kwenye WhatsApp, maana baada ya wiki mbili kutakuwa na manne yasiyofanana. Liwe moja, mweka hazina na katibu ndio wenye ruhusa ya kuandika, wengine watazame. Kila baada ya kikao hifadhi nakala yenye tarehe kwenye jina, kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kama Kikoba_2025-01-12, ili zijipange zenyewe. Daftari la karatasi nalo liendelee kuandikwa kikaoni kama kawaida, na wanachama wasaini humo.